Kipa Wetu Hajafika

Kwa Meneja wa Kadi za Filimbi,

Salamu. Mimi ni kibarua wa ujenzi, napandisha zege. Shule nilikaa kidogo, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Mnanionea.

Marehemu mke wangu alikuwa anakusanya kadi zenu za wachezaji. Watu walimcheka, mama mzima na kadi za mpira. Alipofariki, albamu ilibaki na nafasi moja tupu, ya kipa. Nikasema nitaijaza mimi. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Kipa hatoki. Kila pakiti nikifungua, beki wa kushoto. Yule beki namwona kuliko ninavyowaona shemeji zangu, na yeye pia hana msaada. Nimembandika mlangoni, nimembandika kwenye ndoo, wengine nimewakunja nikawaweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Hapo ndipo nilipomwona akikaba.

2. Mke wangu aliwachagua nyie akawaacha Kadi za Taji kwa sababu moja. Wachezaji wa Taji wamepigwa picha wamekunja mikono, kama msimamizi wetu saitini. Wenu walikuwa wanakimbia, jasho linawatoka. Alikuwa akiniambia, "Baba watoto, mtu wa kazi apigwe picha akiwa kazini." Msimu huu na nyie mmewakunjisha mikono. Sasa anayecheza ni nani?

3. Kuna mchezaji wa akiba, msimu mzima kakalia benchi, mmempa kadi ya kung'aa. Kipa anayepigwa mashuti ya kifua hana hata ya kawaida. Najua, na saitini ni hivyo hivyo. Siku ya kufungua jengo, aliyebeba zege hayumo kwenye picha. Ila kwenu nililipia.

4. Binti yangu anataka pale tuweke kipa wa Taji. Anasema, "Baba, kipa ni kipa." Nikamwambia mama yako hakuwa mtu wa kuchanganya. Kanuna. Nyumba ya watu wawili, mmoja akinuna inabaki redio. Hilo nalo ni lenu.

5. Kwa hiyo naomba: kama kadi hamna, mleteni kipa mwenyewe. Asimame sebuleni, pale albamu inapokaa. Mkeka upo. Asubuhi nitakwenda naye kazini, matofali tunarushiana mpaka ghorofa ya pili na wa kudaka hatuna. Siku mkichapisha kadi yake nitamrudisha, akiwa mzima kama matofali yataruhusu. Mkikataa nahamia Taji, na mabeki wenu wote nawaletea kwa toroli.

Nisalimieni makarani, mlinzi wa getini, na anayejaza pakiti. Huyo mwambieni kazi yake naiona.

Ni mimi mteja wenu, kwa sasa.

Nyongeza: Sijafunga bahasha, binti kafungua pakiti iliyobaki. Kipa katoka. Anaruka, mikono haijakunjwa. Tukamtazama kwa zamu. Nikachukua gundi. Binti akasema, "Baba, tukimbandika basi, albamu ya mama imeisha." Nikarudisha gundi. Nimekwenda dukani nikambadilisha kipa kwa beki wa kushoto. Muuza duka kaniona sina akili. Binti sasa anaongea, hata redio haisikiki. Kwa hiyo msimlete mtu. Na huyo kipa, tafadhali, mfanyieni kama mlivyokuwa mnamfanyia: asitoke.