Herufi za Kinanda, Nyuzi za Luti

Jumatatu, 8 Aprili 1720
Mjane von Rehbock anatafuta mpiga luti, ala ya nyuzi kama gitaa, wa nyumbani kwake. Atalala ghorofani, atakula mezani pake. Sharti: aje na wimbo wa luti wa zamani usiojulikana. Kazi ni yangu mimi Balzer, ila yeye bado hajaambiwa. Nikikosa, nabaki kwa Mjomba Veit kukoroga mafuta ya kondoo ya kutengenezea mishumaa, ninuke kondoo mpaka kaburini.

Jumanne, 9 Aprili
Bahati hiyo! Kwenye makaratasi ya kufungia mishumaa nimekuta wimbo wa kinanda, mkongwe, umeandikwa kwa herufi. Nyimbo za luti nazo huandikwa kwa herufi. Mwingine angehangaika wiki nzima kuugeuza. Mimi nimechora mistari sita, mmoja kwa kila uzi, kama ilivyo kwenye vitabu vya luti, nikazipanga herufi zilezile palipopendeza. Kabla ya supu nimemaliza. Herufi ni herufi.

Alhamisi, 11 Aprili
Nimeupiga. Paka kahama. Mjomba kauliza kama nimejikata. Hawajui kitu. Muziki wa kale una ukali wake. Karatasi nimeiloweka kwenye bia, izeeke.

Jumamosi, 13 Aprili
Kwa mjane. Ehrenfried, mtoto wa mpiga kinanda wa kanisa, alikuwepo, yeye na pua yake. Nikapiga. Mjane akasukuma keki pembeni. Ehrenfried akaomba karatasi yangu, akainusa, akaketi kwenye kinanda, akazipiga herufi zangu. Ukatoka wimbo mtamu, sikatai. Akasema ni wa marehemu babu yake, wa kinanda toka kuzaliwa. Nikasema babu yake aliuiba kwenye luti. Mjane akauliza mbona basi kwenye luti unalia hivyo.
“Balzer, ndugu yangu,” akasema Ehrenfried, taratibu kabisa, “kwenye kinanda, c ni jina la sauti. Kwenye luti, c ni mahali pa kuweka kidole. Umesomewa majina ya marehemu, wewe ukadhani ni vyakula vya harusi.”
Mjane akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema luti imemchosha. Atamchukua mpiga kinanda.

Jumatatu, 15 Aprili
Nakoroga mafuta. Ehrenfried kapita kuchukua mishumaa ya chumba chake cha ghorofani, kaniita bwana mtunzi. Nimemfungia iliyopinda.
Lakini nasikia hakimu anatafuta mpiga gitaa. Muziki wa gitaa huandikwa kwa tarakimu. Na leo, kwenye makaratasi ya mjomba, nimekuta wimbo wa kinanda ambao chini ya noti za mkono wa kushoto umejaa 6, 4, 3. Ehrenfried hana la kusema hapo. Tarakimu ni tarakimu.