Priampu Iliyomeza Sauti za Litein

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Muziki ya kanisa letu,
Litein.

Ndugu Mwenyekiti, Bwana Mureithi,

YAH: KUONDOLEWA KWA PRIAMPU KWENYE CHEPKONG'O YA MUME WANGU

Chamgei. Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii si fupi. Ni mimi Phyllis, Mama Chemutai, mke wa Johana anayepiga chepkong'o, kile kinubi chetu cha nyuzi na ngozi, pale kando ya kwaya. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, kwa hivyo sitarajii kuambiwa baadaye kwamba kamati haikunielewa. Ninaomba, kwa unyenyekevu wote ambao mama aliyekasirika anaweza kuupata, kwamba kile kisanduku mnachokiita priampu kitolewe kwenye chepkong'o ya Johana na kirudishwe kilikonunuliwa. Sababu zangu ni hizi.

1. Kisanduku hiki kiliingia kanisani kwa njia ya kutatanisha. Utakumbuka siku mwanao Kim, fundi wetu wa mitambo, aliposimama mbele ya washirika akasema kwamba chepkong'o haisikiki nyuma ya ngoma, na kwamba ili isikike tunahitaji kwanza pikapu, halafu priampu. Bwana Mureithi, sisi ni wakulima wa chai. Ukitutajia pikapu, tunaona magurudumu. Mzee Nicholas aliuliza ni nani ataiendesha, na kama siku za kazi inaweza kubeba majani mabichi mpaka kituoni. Mimi mwenyewe niliunga mkono kwa mikono miwili, nikijua gunia langu limepata usafiri. Jumapili iliyofuata Kim akaleta pikapu mfukoni. Ilikuwa kitu kama kifungo cha shati, akaibandika kwenye ngozi ya chepkong'o, akavuta waya mpaka kwenye kisanduku chenye vifundo vya kuzungusha, akatueleza kwamba sauti ikitoka kwenye kifungo ni dhaifu, na kisanduku kinaitia nguvu kabla haijafika kwenye spika. Mzee Nicholas bado anauliza pikapu iko wapi.

2. Kisanduku hakina siri. Zamani Johana akipiga, tulisikia kidogo na mengine tukamwachia Mungu. Siku hizi mimi hukaa kwenye benchi la kushoto, lile lililo chini ya spika (mengine hujaa mapema), na hakuna kinachonipita. Nimesikia nzi akitembea juu ya ngozi. Nimesikia kifungo cha mkono wa koti lake, kile nilichomwambia akishone. Katikati ya maombi ya kimya alijikuna goti akagusa nyuzi, na mama mmoja akaitikia Amina. Na siku kisanduku kilipopiga ule ukelele, Kim akasema kuna fidibaki, nawe Mwenyekiti ukasimama ukauliza ni nani mwenye maoni. Sikutaja jambo hilo kwa mtu yeyote isipokuwa Jecinta mkeo, na yeye alikuwa ameshacheka.

3. Mume wangu amekuwa maarufu, na sikuolewa na mtu maarufu. Nimeolewa na mchuma chai mwenye soni, ambaye akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja hutazama viatu. Sasa anaitwa harusi za Roret. Ameitwa Siongiroi, na wiki ijayo wanamtaka tena huko. Anaondoka na kisanduku kwapani. Yeye hukiita briambu, kwa sababu kwake p na b ni mtu na ndugu yake, na nilipomsahihisha aliniambia kwamba watu wa Siongiroi walimwelewa vizuri. Majani yetu yamepita kipimo cha kuchumwa. Nikimuuliza, anatabasamu.

4. Hapa naomba usome polepole, maana ni jambo la kiutafiti. Nimechunguza na nimegundua kwamba tangu kisanduku hiki kije, kila kitu kingine hapa Litein kimepungua sauti. Birika langu halipigi mluzi. Linachemka mpaka linakauka likiwa limenyamaza. Kuku wanataga bila kutangaza. Mvua ya alasiri inapiga bati kama inayoomba radhi. Bodaboda wananitokea mgongoni bila hata kulia, halafu wanafungua midomo kunigombeza na hakuna kinachotoka. Watu wote wamekuwa wa kunong'ona. Hata Jecinta, ambaye zamani akiongea dukani kwenu tulimsikia tukiwa huku mlimani, siku hizi ananong'ona kama mtu anayesengenya. Nilienda kumnunulia Johana rangi ya lango. Jecinta akaniuliza jambo fulani chinichini, nami nikaitikia kwa heshima. Lango letu sasa ni la pinki. Wageni wanatusifu, nadhani, kwa jinsi midomo yao inavyocheza.

Maelezo yake ni rahisi. Wewe unajua mtu wa juu ya mlima akitia pampu kwenye mfereji, sisi wa chini tunabaki na matope. Sauti nayo ni hivyo hivyo. Priampu inaongeza sauti ya chepkong'o, na hiyo nyongeza lazima itoke mahali. Inatoka kwenye birika langu. Kuna watakaosema kwamba unong'onaji huu ulianza kabla kisanduku hakijafika, hata mwaka mzima kabla. Ni kweli ulianza. Lakini mwizi naye hupeleleza boma kwanza kabla ya kuingia.

5. Hili la mwisho sikutaka kuliandika. Niliandika hayo mengine ili nisilifikie.

Kuna wimbo mmoja ambao Johana hajawahi kuupiga kanisani wala harusini. Aliutunga yeye mwenyewe, hauna maneno. Aliupiga nje ya ua wa baba yangu kule Roret alipokuja kunitaka, akiwa amesimama upande wa zizi kwa vile aliogopa mbwa, na baba akajifanya hasikii. Tangu tuoane ameupiga jioni baada ya kukamua, akiwa kwenye kiti chake kando ya mlango, nami nikiwa ndani napika. Sijawahi kumsifu kwa wimbo huo. Nilikuwa namwambia tu chakula kiko tayari, na alielewa.

Sasa hapigi tena. Anakaa kiti kile kile, chepkong'o iko mapajani, vidole vinatembea juu ya nyuzi kama anayechuma chai, na hakuna sauti. Ananifanyia maigizo, Bwana Mureithi. Anaiweka sauti yake kwa ajili ya watu wenye spika. Wiki ijayo ni harusi ya Siongiroi, na nina hakika atawapigia wimbo ule, na utakuwa wa kila mtu. Nimeumia, na sioni haya kusema.

Kwa hayo yote naomba kamati iondoe priampu, imrudishie Johana kimya chake, na irudishie Litein sauti zake kabla mvua kubwa hazijaanza, maana ningependa kuzisikia. Ikishindikana, basi kila nyumba ipewe kisanduku chake, tuibiane kwa usawa.

Msalimie Mama Kim, umwambie rangi haina neno. Msalimie Kim, ingawa tuna kesi. Wasalimie wanakwaya wote, sauti ya kwanza hadi ya nne, na Mzee Nicholas umwambie aendelee kungoja pikapu.

Ni mimi niliyekasirika kwa adabu,

Phyllis, Mama Chemutai.

N.B. Barua hii ilikuwa ipelekwe jana, lakini mvua ilinizuia, na Johana akaja nyumbani na kisanduku ili afanye mazoezi. Kim alikuwa amemwazima zile hedifoni za kufunika masikio. Nikamwambia Johana waziwazi kwamba nimechoka na maigizo yake. Akanitazama sana. Halafu akachomeka waya, akazungusha kifundo, akanivisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, akakaa kitini pake.

Ulikuwa wimbo wangu. Wote, pamoja na pale katikati ambapo hukosea kila mara. Vidole vilikwenda vile vile vinavyokwenda kila jioni. Nililia mpaka akaacha kupiga. Kumbe, kama alivyoniandikia kwenye karatasi, amekuwa akiupiga kila siku baada ya kukamua, hajaruka hata jioni moja, na alidhani nimeuchoka kwa kuwa siku hizi simwambii chakula kiko tayari, naweka tu sahani.

Kwa hivyo nafuta sababu ya nne na ya tano, na ya tatu pia, na hiyo ya pili nadhani nilikuwa naifurahia. Priampu isiguswe. Asubuhi ya harusi tutapitia hospitali kwanza nikapimwe masikio. Kamati iwaarifu watu wa Siongiroi kwamba Johana atachelewa.

Sasa hivi nimevaa tena hedifoni, naye amesimama mbele yangu na midomo inacheza. Nimemwonyesha kwa kidole aongee karibu na ngozi ya chepkong'o. Ameinama, ameongea, na nimemsikia: anauliza kama chakula kiko tayari.