Vitabu Vyangu na Mandazi ya Wamuyu

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kosa la watu wengi wenye vitabu ni kumpa mtu kitabu bila maelezo. Ni kama kumpa jirani ng'ombe bila kumwambia kwamba anapiga teke. Mimi nimefundisha hapa Konoin hadi nikastaafu. Kosa hilo silifanyi.

Tecla, mke wangu, amenipa hadi Ijumaa jioni. Jumamosi ni koito ya binti yetu Fancy. Wazee wa upande wa kijana wanakuja kupatana mahari, na sebuleni hakuna pa kukaa kwa sababu ya masanduku yangu ya vitabu. Ameniuliza kama wageni watakalia sarufi. Yakiwa bado pale, yanakwenda kwa Wamuyu, mwenye kibanda karibu na kituo cha kununulia majani ya chai, kurasa zikafungiwe mandazi. Wameshasemezana.

Mpango: chama cha wasomaji, hapo hapo kituoni. Wakulima hupeleka majani mchana, kisha hungoja lori la kiwanda hadi wachoke kusengenyana. Nitawapa vitabu. Vyote vitapata nyumba.

Jumanne, 6 Agosti

Nimesukuma sanduku moja kwa wilbaro. Mgongo umelalamika.

Nilianza na jirani yangu Kipkosgei. Nilimchagulia hadithi ya mama anayemtafuta kaka yake aliyepotea. Nikamweleza nia ya mwandishi, sababu ya mvua kunyesha katika sura ya pili, na kwamba kaka mwenyewe ndiye yule muuza mkaa wa mwanzoni. Alisikiliza vizuri sana. Akanishukuru, kongoi, mwalimu, akanirudishia kitabu. Sasa anakijua.

Na wengine vivyo hivyo. Watu wetu wanaelewa upesi. Lakini sanduku limerudi limejaa, na sasa ni kupanda kilima.

Wamuyu alinisimamisha njiani. Alisugua ukurasa mmoja kwa vidole, akasema karatasi ya zamani ilikuwa karatasi, inakunywa mafuta. Nilimweleza historia ya karatasi. Alikumbuka ana maji motoni.

Jumatano, 7 Agosti

Lori limefika mapema. Halijawahi. Nilikuwa bado kwenye utangulizi. Watu wamelishangilia kama mgeni rasmi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimegundua tatizo. Ni viti. Mtu hawezi kusoma akiwa amesimama kama mwizi.

Kwa hiyo niliwaambia wakalie magunia yao, tusome pamoja kwa sauti, nami nifafanue kila neno gumu. Walikaa. Kwa heshima, nadhani. Ukurasa mmoja ulitutosha hadi lori lilipokuja.

Majani ya chai hayakaliwi. Nina shamba langu mwenyewe na ninalijua hilo, ila nilikuwa nafikiria fasihi. Magunia yalipofunguliwa majani yalikuwa yamepondeka, yamepata joto, yamekuwa mekundu kama udongo wa barabara. Karani wa kiwanda alitia mkono, akautoa haraka, akauliza ni nani amepika. Akayakataa yote.

Cheptoo, niliyemfundisha darasa la nne, amesema hata wakati ule alikuwa akitoka kwangu mikono mitupu. Kipkosgei hakuyasikia hayo. Alikuwa bado amelala juu ya gunia lake.

Nimenyeshewa nikirudi.

Ijumaa, 9 Agosti

Sauti imekauka. Haitoki hata ya kumwita mbwa.

Tecla hakungoja jioni. Mchana yeye na Fancy walipakia masanduku, wakateremka nayo, wakarudi kuchukua mengine. Niligeukia ukuta. Vitabu vile nimevibeba kutoka shule hadi shule. Nilifikiria mafuta ya Wamuyu yakipanda polepole kwenye kurasa.

Jioni Tecla akarudi na masanduku matupu. Nikamwandikia kwenye karatasi: mandazi?

Akasema hapana. Alipofika kituoni aliyatua ili apumzike kabla ya kuvuka kwenda kwa Wamuyu. Watu wakauliza hivyo vitabu vinasema nini. Akajibu yeye atajuaje, hajavisoma. Basi wakaanza kuchungulia. Kabla ya lori kufika vilikuwa vimekwisha. Cheptoo na Kipkosgei walivutana kitabu kimoja. Wamuyu naye alichukua chake, na sufuria nzima ya mandazi imeungua akiwa amesimama pembeni anasoma.

Sikulielewa jambo hili. Nimeliwaza sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Koito. Sebule ilitosha. Sikuweza kutoa ile hotuba niliyoandaa kuhusu asili ya mahari, na mazungumzo yakaisha kabla ya chakula kuiva. Wageni walisifu hekima ya baba wa msichana. Tecla alinitazama kwa muda mrefu.

Jumapili, 11 Agosti

Sauti imerudi kanisani, katika wimbo wa mwisho. Pamoja nayo nikapata jibu.

Watu wale walichukua vitabu gizani. Hakuna aliyewaambia chochote. Wako ndani ya hadithi peke yao, wanapapasa, hawajui wanakoelekea. Nilijilaumu sana.

Nimepita nyumba kwa nyumba baada ya ibada, nikiwaeleza. Kipkosgei alikuwa chini ya ukuta wa zizi, amebakiza kurasa chache, ng'ombe wanalia na hasikii. Alinyoosha mkono kunizuia, akasema mwalimu, tafadhali, kidogo tu. Nilimhurumia. Nikamwambia yote, mpaka mazishi. Akakifunga kitabu taratibu, akanipa. Cheptoo alinirushia chake kupitia dirishani kabla sijamaliza sentensi. Hakika wanasoma kwa kasi.

Wamuyu hakufungua mlango. Nilimwelezea mwisho kupitia kwenye ufa.

Sanduku la kwanza limerudi sebuleni, limejaa. La pili karibu litajaa. Tecla ameyahesabu. Amemtuma Fancy kwa Wamuyu, sijui kuna nini.

Chama kimesimama imara. Kwa yeyote anayetaka kuanzisha chake, nasema hivi: leo mpe jirani yako kitabu kimoja, na kabla hajakifungua mweleze kinavyokwisha.