Treni Iliyoingia Kituoni Ikakataa Kufungua Milango

Kituo cha Reli cha Dolni Bryast,
Bulgaria.

Kwa Mkurugenzi wa kampuni iliyotengeneza mchezo wa kuendesha treni.

Bwana Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mashine zako. Mimi ni Tsvyatko Radulov, mkuu wa kituo hiki mpaka nilipostaafu. Treni bado zinapita hapa, ila hazisimami tena. Kwa sababu hiyo niliagiza mchezo wako, nikaupakua kwenye kompyuta ya kukatia tiketi, ambayo shirika la reli liliisahau hapa pamoja nami. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchezo wako ni mzito mno. Ulipokuwa ukishuka, mtandao wa kijiji kizima ulikwama. Jirani yangu Bibi Velika alikuwa akizungumza na mwanawe aliyeko Uhispania, kijana akaganda kwenye simu, mdomo wazi. Bibi hakukata. Alimweleza habari za mbuzi, za paa na za mkwewe mpaka akamaliza, kisha akasema, "Leo amenisikiliza vizuri." Hilo silo lalamiko, nalitaja kwa ajili ya haki.

2. Ulipokwisha kushuka, mashine iliandika kwamba haina sifa za kuuendesha. Bwana, mashine hii imewakatia tiketi maharusi, wanajeshi, na mtu mmoja aliyesafiri na nguruwe. Haikumwambia hata nguruwe kwamba hana sifa.

3. Fundi Gancho, anayetutengenezea pampu, alinishauri, "Mzee Tsvyatko, pakua ule wa mashine za aina nyingine. Labda huo una adabu." Nikaupakua. Mashine ikaniuliza niufungue kwa kutumia nini. Gancho akaleta bisibisi.

4. Kwa kanuni za reli, treni iliyoingia kituoni lazima ifungue milango. Yako imeingia, tena mara mbili, na imo ndani ya mashine. Ikiwa ina abiria, wana njaa. Ikiwa haina, umenitumia mabehewa matupu, na hilo nalo lina kanuni yake.

5. Basi naomba uupunguze mchezo uenee kwenye mashine yangu. Hilo likishindikana, nitumie treni yenyewe, hata kama ni kuukuu. Reli ninayo, kengele ninayo, bendera nimeifua. Treni ya kweli haihitaji kupakuliwa, na reli zetu hazijapata kumwambia dereva yeyote kwamba treni yake si ya aina inayotakiwa.

Nangoja jibu lako hapa jukwaani. Wasalimie mafundi wako, wake zao na waume zao, pamoja na yule aliyeandika maneno ya kuikataa mashine yangu. Huenda siku hiyo alikuwa amechoka.

Wako katika kazi,
Tsvyatko Radulov

Nyongeza baada ya kutia sahihi: Bwana, nimeisoma barua hii kwa sauti katika chumba cha abiria, na waliokuwamo hawakuipenda. Tangu mchezo ulipogoma, watu huja hapa kila jioni, Bibi Velika na sufuria ya maharage, Gancho na pombe yake ya plamu. Hukaa kwenye mabenchi wakaniuliza, "Vipi, imefungua?" Nami husimama dirishani nikawajibu, "Imechelewa." Kazi hiyo sikuwa nimeifanya tangu treni ya mwisho iliposimama hapa. Kwa hiyo tafadhali usirekebishe chochote. Na kama unao mchezo mzito kuliko huu, nitumie huo.