Nusu ya Wimbo wa Mkeka

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Maktaba Kuu ina fungu la fedha. Itarekodi nyimbo na hadithi za jamii ambazo lugha zao hazina vitabu, kisha iziweke mtandaoni, yeyote azisikilize bure. Nikawaza nyimbo za mkeka za Bibi papo hapo.

Lazima iwe mwaka huu. Vidole vya Bibi vinakakamaa, na haimbi kamwe mikono ikiwa imetulia. Akiacha kusuka, basi.

Mwalimu wa Kiswahili hutufundisha kwamba sentensi ya kwanza imshike msomaji. Ya ombi langu kwa Maktaba inasema: Bibi yangu ndiye mtu wa mwisho duniani anayejua nyimbo hizi.

Nimeisoma mara kadhaa. Inashika kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Maktaba wamempigia Mama simu. Afisa wao anakuja Jumamosi! Mama ameniuliza nimewaandikia nini. Nimesema nimeandika habari za Bibi. Huo si uongo.

Tatizo ni Bibi wa Ng'ambo. Ni wifi yake Bibi, dada wa marehemu Babu, na nyumba yake inatazamana na yetu. Anazijua nyimbo hizo zote. Hajakanyaga kwetu tangu mimi sijazaliwa. Walikosana juu ya mkeka waliomsukia Mama alipoolewa, ambao ulitoka umepinda. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeuvuta. Mkeka wenyewe bado uko sebuleni, na kiti kimewekwa juu ya kona mbaya.

Bibi wa Ng'ambo hushinda barazani kwake. Afisa atamwona, atamsalimu, na sentensi yangu itaanguka.

Jioni nimevuka barabara kwa adabu. Nimemwambia nimesikia zahanati itapima macho bure Jumamosi asubuhi. Amenishika shavu, akasema mjukuu mwenye huruma kama mimi ni nadra. Nimerudi nyumbani nikashindwa kula.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Afisa alikuja, mwanamke mpole mwenye kinasa sauti kidogo. Bibi alivaa nguo yake nzuri, akakaa chini na miaa yake, akaanza kusuka na kuimba. Mara akanyamaza. Akaimba tena, akanyamaza tena. Afisa alidhani ni uchovu, akaomba aletewe maji.

Bibi akasema hajachoka. Mkeka mpana husukwa na wawili, kila mmoja upande wake. Yeye huimba mwaa upi upite juu, mwenzake hujibu upi upite chini.

"Hapo kimya si changu," alisema. "Ni cha wifi yangu."

Miaka yote nilidhani Bibi hunyamaza ili apumue.

Afisa akachukua karatasi yangu, akaisoma sentensi ya kwanza kwa sauti. Alisoma vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi alinitazama, mikono yake imesimama.

"Mjukuu wangu, umemzika wifi yangu na bado anatembea?"

Na kweli alikuwa anatembea. Alikuwa anavuka barabara na mwavuli wake, anakuja kunitafuta. Zahanati haifunguliwi Jumamosi. Alisimama mlangoni akauliza yuko wapi huyo mtoto, amemtembeza juani bure, mguu mbovu na yote.

Bibi aliinamisha kichwa akaurudia ule mstari. Hakumtazama. Alipofika pale penye kimya, akangoja.

Bibi wa Ng'ambo akajibu. Alijibu akiwa bado mlangoni, mwavuli umefunguka. Kisha akaufunga, akavua viatu, akakaa upande wa pili na kuvuta miaa kwake. Mama alitoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi. Hakurudi mpaka tukasikia harufu ya kuungua.

Katikati ya wimbo Bibi alisema, "Usivute."

"Nani anavuta?" Bibi wa Ng'ambo akajibu. "Hata ule sikuuvuta mimi."

Wakaendelea.

Jumapili, 9 Machi

Afisa alisema jana, kabla ya kuondoka, kwamba hawezi kupokea ombi lenye uongo. Sauti atazitunza, lakini hazitawekwa mtandaoni mpaka niandike upya kabla ya mwisho wa mwezi. Nilimshukuru. Nimelia kidogo, kisha nimemwomba Bibi wa Ng'ambo msamaha. Amesema nimpishe, namzibia mwanga.

Wanasuka sebuleni tangu asubuhi. Vidole vya Bibi vinakwenda polepole na mwenzake anamngoja. Nimekaa karibu nao na karatasi mpya. Bibi ameniambia niandike ukweli mtupu. Nimeahidi.

Walipofika mwisho wa wimbo walisimama wote wawili. Ubeti wa kufungia pindo hawaukumbuki. Bibi wa Ng'ambo amesema binamu yake anaujua, yule anayeishi nyuma ya kilima, na ana afya kuliko wao.

Nimefikiri sana. Kilima kiko mbali. Huyo binamu hatoki nje, sidhani kama afisa atakutana naye.

Sentensi yangu mpya inasema: Duniani kote wamebaki wawili tu.

Nayo inashika.