Mume wa Mivinje

Dancun alipoiona ile mivinje nyuma ya nyumba ya Bi Mwanarehema, pale Timbwani, mate yalimjaa kinywani. Si kwamba alipenda miti. Alipenda wenye miti.

Kijana huyu wa Magongo hakuwa na kazi, ila alikuwa na maneno. Asubuhi hiyo alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mvinje, ingawa wafanana na msonobari, si wa ukoo wake hata kidogo. Kwamba zile sindano zake si majani bali ni vijiti. Na kwamba mti mmoja hubeba maua ya kiume na ya kike pamoja. Hilo la mwisho aliamua kulisahau.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwainishaji wa miti."

"Marahaba, mwanangu. Mwainishaji ndiye nani?"

"Ndiye ajuaye kila mti ni wa ukoo gani." Akavunja kijiti, akakinusa, akafumba macho kama tabibu mwenye habari mbaya. "Casuarina equisetifolia. Pole, mama. Yote majike."

"Ya Rabi! Yote?"

"Yote. Ukiipatia dume itazaa mbegu, na mbegu hizo wenye mahoteli wanazigombania. Ninaye dume mmoja. Bei yake kali kidogo, lakini kwako wewe…"

"Bei si neno," bibi akamkatiza. "Tena kaka yangu wa Mtongwe ana shamba zima la mivinje, naye atakutaka madume. Lakini sisi hatuozi ovyo, baba. Wewe ndiwe mzazi wa mume. Lete mahari kwanza, mbuzi na gunia la mchele. Jumapili tuwaoze, nami nikulipe chako."

Dancun alicheka kimoyomoyo hadi Magongo. Akauza runinga yake, akapeleka mbuzi na mchele.

Jumapili akafika amevaa suti, mche wa mvinje mkononi ndani ya kopo lililofungwa utepe mwekundu. Akakuta hema, viti vya kukodi, vigelegele na harufu ya pilau. Yote haya kwa ajili ya miti! Bibi huyu, akawaza, ni wa kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Akajitosa kati ya wageni akipeana mikono.

"Karibuni. Mimi ndiye baba wa bwana harusi."

Mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe akamkodolea macho. "Na mimi ni nani?"

Bi Mwanarehema akamvuta kando. "Leo aolewa mjukuu wangu Nadira. Mbuzi wako tumeshamchinja, Mungu akubariki."

"Na pesa za dume wangu?"

"Wewe umeona wapi mke akamnunua mume?"

"Basi namchukua dume wangu, naondoka!"

"Mchukue. Lakini hiyo ni talaka, baba. Mahari hairudi, na wake zake wote hawa wataka masurufu ya eda."

Dancun akaitazama ile mivinje, mmoja baada ya mwingine, akaona ni mingi mno. Akaliweka kopo chini polepole, akalegeza tai, akaomba sahani.

Wallahi, nyama ilikuwa laini.