Chupa Arobaini za Mapichi

Jumatatu, 18 Septemba 1989

Sijala. Binti yangu Dreama ametangaza mezani, mdomo umejaa viazi, kwamba tarehe saba Oktoba atashindana mbio za magari na Kurtis Shupe wa nyumba ya pili, na kwamba wanakimbilia kadi za gari. Nikauliza maana yake. Akanieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa: anayeshindwa anamkabidhi mwenzake kadi na ufunguo, halafu anatafuta lifti ya kurudi nyumbani. Na hao ni watu wazima!

Gari lenyewe ni Nova ya mwaka sabini. Kaka yangu Orville, ambaye ni fundi, aling'oa injini ya zamani akaweka nyingine kubwa kama frigi. Likiwashwa, vikombe vyangu vinatembea kabatini. Mwanangu wa pekee, miaka ishirini na minne, anataka kukaa nyuma ya kitu hicho robo maili nzima.

Kuna nafuu moja. Halijui kuondoka. Jumamosi iliyopita matairi ya nyuma yalizunguka palepale, moshi kama mtu anachoma shamba, na Kurtis alikuwa ameshafika, ameshuka, anakunywa soda.

Nimeamua. Lazima ashindwe. Gari liende kwa mama yake Kurtis, Bernadine, likawaue wao. Mungu nisamehe. Lisiue mtu. Likae tu kwao.

Jumatano, 20 Septemba

Nimepata njia! Nimeipata nikipandisha mapichi niliyoyasindika kutoka chumba cha chini. Chupa kumi na mbili kwenye boksi, nikasimama ngazini mara tatu kupumua. Uzito unachelewesha. Mimi niliishia darasa la sita nikaenda kushona glavu kiwandani, lakini jambo hili halihitaji shule.

Dreama alipokwenda kazini nikafungua buti la Nova. Tairi la akiba walishalitoa, limebaki shimo zuri. Nimepanga chupa arobaini za mapichi, nikajaza matambara zisigongane, juu nikatandika blanketi la mume wangu, Clete. Clete yuko njiani na lori hadi Novemba. Angekuwepo angeniuliza maswali.

Mgongo unauma. Roho imetulia.

Jumamosi, 23 Septemba

Siamini. Wamelipeleka uwanjani kulijaribu. Taa ikageuka kijani na Nova ikaondoka kama imetukanwa. Hakuna moshi. Hakuna kuzunguka palepale. Sikupiga kelele, nilimuuma Orville begani.

Orville anatembea kifua mbele. Anasema ni springi za nyuma, yeye ndiye aliyezirekebisha Alhamisi kwa mikono yake. Kila mtu anampa mkono. Alhamisi nilimwona kwa macho yangu, alilala chini ya gari na kofia usoni, akikoroma.

Nimefikiri njia nzima. Jibu ni moja. Chupa hazikutosha.

Jumanne, 26 Septemba

Nimeongeza: chupa kumi na nane za maharage, viazi nusu gunia vya chakula cha kanisani, na kichwa cha cherehani ya marehemu mama, chuma kitupu. Nilipofunga buti gari lilichuchumaa.

Orville akapita, akalitazama, akasema, "Dada, unaona linavyokaa? Hizo ndizo springi zangu."

Nikasema naziona.

Jumamosi, 30 Septemba

Limezidi! Linainua pua kama farasi. Kurtis alikuwa amekuja kupeleleza, amevaa koti lake jekundu, na nilimwona akiacha kutafuna. Dreama akanikimbilia na kofia yake ya chuma mkononi, uso umewaka, akanikumbatia hadi miguu ikaacha ardhi. Nilicheka naye. Halafu nikaenda nyuma ya choo kulia.

Wiki imebaki.

Alhamisi, 5 Oktoba

Bernadine amekuja na keki ya ndizi. Hajaniletea keki tangu nilipopata utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, kwenye maonyesho ya kaunti, kwa mapichi haya haya, yeye akapata wa njano. Akaketi bila kukaribishwa. Akanieleza kwamba ameshasafisha nafasi ya gari la pili kwenye banda lao. Akasema Kurtis atalipaka rangi nyekundu, lifanane na koti. Akasema kwa sauti ya huruma kwamba labda ni heri, msichana apumzike na grisi, apate mtu wa kumwoa angali na kucha.

Ninachotaka mimi ndicho anachotaka yeye. Kwa nini nilitamani kumkalisha juu ya keki yake?

Keki ilikuwa kavu. Nimekula vipande vitatu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Dreama ameniita nje nifumbe macho. Nikafumba. Nikafumbua. Kwenye mlango wa dereva ameandika kwa brashi, herufi nyeupe, mkono wake mwenyewe: VERLENE.

Jina langu. Halijawahi kuandikwa popote ila kwenye kadi ya kiwandani.

Nikamuuliza kwa nini. Akawa anafuta brashi, hanitazami. "Najua unaogopa, Mama. Hutaki hata kuliangalia. Basi nikikaa humo ndani nijue uko na mimi."

Nimemkatia mkate.

Sasa nimekaa hapa nikiona mambo kwa upya. Huyu mtoto kesho lazima ashinde. Jina langu likakae kwenye banda la Bernadine? Lipakwe nyekundu? Na mimi ndiye niliyemtia mzigo wote ule nyuma! Mama gani mimi?

Alfajiri nitautoa wote. Gari liwe jepesi kama unyoya.

Jumamosi, 7 Oktoba

Niliutoa. Mapichi, maharage, viazi, cherehani. Safari kumi na tisa hadi stoo, kwa soksi, wasinisikie. Nikafagia hata vumbi, kila kitu kina uzito wake.

Uwanja ulijaa. Kwa mara ya kwanza nilisimama kwenye uzio mbele kabisa. Nikapiga kelele jina lake, nadhani na langu pia. Taa ya njano. Kijani.

Moshi. Matairi yakazunguka palepale, yakalia, yakazunguka. Kurtis alikwenda. Moshi ulipotawanyika Nova ilikuwa ndiyo kwanza inaanza safari.

Dreama hakulia. Akatoa kadi mfukoni, akaipapasa kidogo, akampa Kurtis. Akamwambia, "Asubuhi kukiwa na baridi usiliharakishe. Liache lingurume kwanza." Kisha akaja akapanda gari la Orville, kiti cha nyuma.

Orville alikuwa anaapa kwamba springi hazikuguswa.

Jumapili, 8 Oktoba

Sikwenda kanisani. Viazi vyao viko stoo kwangu.

Dreama akaja jikoni, akasema gari jana lilikuwa jepesi nyuma, kama limeibiwa kitu. Akauliza kama nilimwona mtu. Nikasema sikumwona. Nikasema ni mimi. Nikamwambia yote, kuanzia ngazini.

Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akanieleza. Ati gari lile linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ati injini ikiwa na nguvu kupita kiasi magurudumu hayashiki lami, yanateleza tu, mpaka yakandamizwe na uzito. Ati wapo watu wanaotia mifuko ya mchanga makusudi. Nikatikisa kichwa kukubali. Nani ataamini kitu hicho? Aje apandishe boksi langu ngazini ndipo tuongee.

"Ungeyaacha tu, Mama," akasema.

Akafungua chupa moja, akala pichi kwa vidole, amesimama, shira inamtiririka mkononi. Akanipa nusu. Nilidhani hatanipa kitu tena maisha yake yote.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kila nikifungua pazia naona mlango ule kwa Bernadine. Bado hawajapaka rangi. VERLENE, na nepi za wajukuu wake zimeanikwa juu yake.

Dreama haongei. Anarudi kazini, anakaa barazani, anasikiliza Kurtis akiliwasha. Nilitaka kimya hiki, nimekipata. Usingizi sina.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mungu yupo! Kurtis amekubali marudio kesho, kadi kwa kadi. Dreama ataendesha Dodge ya Orville, ambayo haina kasi ya kutisha, na Kurtis ataendesha Nova, kwa dharau. Akishindwa, Nova inarudi nyumbani. Dreama ametabasamu kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Amenishika mabega na kuniomba kitu kimoja tu: nisimtilie chochote kwenye Dodge, wala nisitoe. Nimeapa. Dodge sijaigusa.

Nimepeleka pai kwa Bernadine, kulipa keki yake. Alipokwenda kutafuta sahani nikapita bandani, nikarudi tena kuchukua kikapu, nikarudi tena kuchukua kitambaa. Safari tano. Chupa thelathini na sita zimo kwenye buti la Nova.

Najua Dreama alivyosema kuhusu uzito. Nimelifikiria sana. Lakini yale yalikuwa mapichi, matamu, na niliyafunga nikimpenda. Haya ni matango ya siki.

Huyo Kurtis hafiki hata nusu.